Wiki 6 na gari la viti viwili

Najua nimepotea. Wale mlioniuliza kama nimeacha kazi ya programu nikarudi kulima, jibu ni kwamba nilinunua gari, na kwa wiki 6 sasa kila dakika ninayoiiba kazini inaishia kwenye usukani. Ni Mazda MX-5 ya mwaka 2018, ambayo kwao Japani huitwa Roadster. Viti viwili, paa la turubai, gia 6 za mkono. Bei siitaji kwa sababu Mama husoma hapa.

Nijibu kwanza maswali ninayoulizwa kila siku nikiegesha. Ndiyo, paa linafunguka. Hapana, halina mota. Unafungua komeo moja juu ya kioo cha mbele, unalirudisha nyuma kwa mkono mmoja bila kutoka kitini, na kabla taa nyekundu haijageuka kijani uko hewani. Ndiyo, mvua ikija unalifunga, na halivuji. Hapana, sikuuza ploti. Sikuwa na ploti ya kuuza, na hilo ndilo lililomuudhi Baba kuliko gari lenyewe.

Wengine huuliza mbona sikuchukua lile la zamani, lenye taa za kuchomoza. Ningelipenda sana. Lilitoka mwaka 1989, na mimi nililiendesha kwenye michezo ya kompyuta nikiwa shule ya msingi. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo yaliyopo nchini ni yale yaliyokuja kitambo, na wenyewe hawauzi. Kinachobaki ni kizazi cha nne, kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2015. Bahati ni kwamba lile la turubai linalouzwa kule lina injini ya cc 1,496, na hapa ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi cc 1,500. Cc 4 tu! Walioichora injini ile kule Hiroshima hawakuwa na habari na KRA, lakini usiku ule wa kupiga hesabu niliwaombea wote.

Sasa tuje kwenye nguvu, maana wanaume wakiinamia gari hili hilo ndilo la kwanza kuuliza. Karatasi inasema nguvu za farasi 132. Karatasi iliandikwa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na injini inayovuta hewa bila turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Pigeni hesabu wenyewe: nimebaki na farasi 110 hivi, na Subaru ya jirani yangu inaniacha nikiwa bado natafuta gia ya pili. Sijali. Gari lina uzito wa kama tani moja, na usipoliendesha huwezi kujua tani moja ni kidogo kiasi gani. Ukigusa breki, limekwisha kusimama. Ukifikiria kona, limekwisha kuingia.

Na hapa ndipo nilipopendea kama mtu wa programu. Kizazi hiki ni chepesi kwa kama kilo 100 kuliko kile kilichotangulia, na kilo hizo hazikutoka mahali pamoja. Boneti ni ya alumini. Kila gurudumu lina nati 4 badala ya 5 za kizazi cha tatu. Mbele ya abiria hakuna kile kisanduku cha kuwekea karatasi. Logibuku yangu inakaa kwenye kijisanduku katikati ya migongo ya viti. Gia ya 6 ni moja kwa moja, yaani injini ikizunguka mara moja na kinachotoka kwenye gia kinazunguka mara moja. Ni kama kuna mtu alipita na kila kipande mkononi akiuliza, wewe unafanya nini hapa? Kazini mimi ndiye mhubiri wa kufuta. Vijana wakiniletea kazi yao, swali langu la kwanza ni tunaweza kuondoa nini, na wanalichukia. Siku ya kwanza nilipofungua boneti hii niliipiga picha nikawatumia, bila maneno.

Kuendesha kwenyewe siwezi kukueleza nikakutosheleza, ila nitajaribu. Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Limuru kupitia Tigoni, paa wazi, kofia ya sufi kichwani, hita imefunguliwa yote ikielekea miguuni. Majani ya chai yana harufu baada ya mvua ya usiku, na nimeishi nchi hii miaka yangu yote nikipita pale ndani ya matatu yenye madirisha yaliyofungwa bila kuijua. Kigingi cha gia ni kifupi, ukikisukuma kinaingia kama swichi. Injini unaruhusiwa kuizungusha hadi mizunguko 7,500, na kwa kuwa nguvu ni chache, unaweza kuzitumia zote kwenye gia ya pili bila kuvunja sheria. Mwenye gari la farasi 400 hapa Nairobi atazitumia lini?

Mjini ni hadithi nyingine. Urefu wake kutoka chini hadi paa ni kama mita 1.24, kwa hiyo ukisimama kando ya lori unaangaliana na nati za gurudumu, na moshi wote ni wako. Jua la saa saba ukiwa wazi kwenye foleni ni adhabu. Simu huiweki juu ya paja hata kidogo, mnajua kwa nini. Makanga mmoja alinitazama kutoka mlangoni kwa muda mrefu, akaniuliza kwa huruma, "Boss, ile nusu ingine iko wapi?" Na kila ninapowasha gari, mwanamke ananiambia jambo kwa Kijapani. Ni kuhusu kadi ya kulipia barabara za kwao, ambayo haimo. Tumezoeana.

Lakini nilikuwa nataka kuandika kuhusu tairi.

Gari hili halina spea. Si kwamba aliyeniuzia aliitoa, limeundwa hivyo. Kwenye buti kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme, basi. Tairi likichomwa na msumari, unamwaga gundi, unajaza upepo, unaenda zako. Nilijua hivyo tangu mwanzo, na nitakiri kwamba nilikisifia kitu hicho mbele za watu. Spea ni kilo kadhaa unazobeba miaka 5 kwa ajili ya siku moja. Nilisema hayo nikiwa nimeegesha Kilimani.

Wiki ya nne nilimchukua Baba twende Magadi. Alikuwa hajakubali kuliingia, na kukubali kwake kulikuwa na masharti: paa wazi akitaka, limefungwa akitaka, na nisimwambie habari za injini. Tulipita Kiserian, tukafika Corner Baridi pale Bonde la Ufa linapojifungua mbele yako, na mzee ambaye hakuwa amesema neno tangu nyumbani akavua kofia na kuishikilia pajani. Gari la viti viwili lina jambo hili moja ambalo sikulitarajia: hakuna wa nyuma. Nyumbani kwetu safari ni mama, shangazi, binamu wawili na gunia, na Baba huwa kiti cha mbele akiangalia barabara kama mlinzi. Sikumbuki tulivyowahi kukaa sisi wawili tu kwa saa nzima. Alinieleza jinsi alivyokuja huku mara ya kwanza akiwa kijana, juu ya lori la magadi, akitafuta kazi ambayo hakuipata. Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo.

Tulipokuwa tumepita Olepolos kwa mbali kidogo, niliingia kwenye shimo ambalo ningeliona kama ningekuwa nasikiliza kidogo na kutazama zaidi. Tairi la mbele kushoto likapasuka ubavuni. Nilimwaga gundi. Gundi hutibu tundu dogo la chini, sehemu inayokanyaga lami; ubavuni ilitoka yote kama maziwa yaliyofurika jikoni. Baba aliitazama ikidondoka mchangani, akatazama buti, akauliza, "Na tairi lingine?" Nikamweleza kuhusu uzito. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Aliyesimama alikuwa na Probox. Mnaijua Probox, sina haja ya kuieleza. Hii ilikuwa na watu watano, magunia ya makaa juu na mbuzi wawili nyuma. Spea yake ilikuwa ya inchi 14, yangu ni 16, kwa hiyo hata kama nati zingekubali nisingethubutu kupanda nayo milima ya Ngong. Akatoa jeki yake, maana mimi sina. Akatoa spana yake, maana mimi sina. Tukavua gurudumu, likafungwa juu ya magunia, na jeki ikabaki chini ya gari langu. Yaani alikubali kwenda Kiserian na kurudi bila jeki ili mimi nisilale chini. Nikauliza nani ataandamana na gurudumu. Mimi sikuweza kuliacha gari wazi pale. "Mzee apande," akasema, na watu watano wakawa sita, sijui vipi, bila mtu kulalamika isipokuwa mbuzi.

Nilikaa pale saa tatu na nusu chini ya turubai, kwenye joto, mtandao ukija na kwenda, na nilikuwa na nafasi ya kufikiria.

Nilichofikiria ni hiki. Kila siku nimekuwa nikisema walioliunda gari hili waliondoa spea. Hawakuiondoa. Waliihamisha. Kwao Japani ilihamia kwenye gari la fundi ambaye ukimpigia simu anakuja. Huku kwetu imehamia kwa mwenye Probox: jeki yake, spana yake, petroli yake, asubuhi yake ya biashara. Uzito uko palepale, ila hauko kwenye karatasi ya gari langu, kwa hiyo mimi naonekana mwepesi.

Na ninaijua hila hii vizuri kwa sababu nimeifanya. Mwaka 2021 nilikuwa kwenye kikosi kilichotengeneza programu ya simu kwa makarani wanaopokea maziwa vijijini. Kulikuwa na sehemu iliyohifadhi vipimo kwenye simu hadi intaneti irudi. Ilikuwa ndefu, ina hitilafu, na ofisini kwetu intaneti haikuwahi kukatika hata mara moja nikiijaribu. Niliifuta. Mistari karibu elfu mbili, na nilipongezwa kwa keki. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda huko nikakuta karani mmoja, mama wa makamo, anaandika kila kipimo kwenye daftari la shule, kisha usiku anapanda kilimani ambako mtandao unashika, na tochi, akiingiza upya lita za wakulima wote mmoja mmoja. Hakulalamika. Alidhani ndivyo programu inavyofanya kazi. Ile mistari elfu mbili niliyofuta, yeye ndiye aliyekuwa akiibeba.

Tuliirudisha, lakini si kabla yake kujaza madaftari mawili. Na hata baada ya hapo nimeendelea kuhubiri kufuta, kwa sababu mara nyingi ni kweli, kuna takataka nyingi. Ila swali langu limekuwa na nusu. Unafanya nini hapa, sawa. Na ukiondoka, kazi yako inakwenda kwa nani? Nusu hiyo ya pili wataikuta vijana wangu Jumatatu, na najua watainung'unikia pia.

Baba alirudi alasiri akiwa mbele ya Probox, anacheka. Alijua jina la yule kijana, watoto wake, na bei ya mbuzi Kiserian. Tairi la mtumba lilikuwa limewekwa. Kijana alikataa malipo, akachukua ya mafuta tu, na hata hayo kwa sababu Baba alimlazimisha. Tulirudi nyumbani paa likiwa wazi kwa amri ya mzee. Karibu na Ngong akasema, "Hiki ni kitu kizuri sana. Lakini gari ni lile la yule kijana."

Kwa hiyo, nijutie? Hapana. Silirudishi, na Jumapili nitakuwa Tigoni tena. Ukiwa na gari lingine nyumbani, au ukikaa peke yako na barabara zako ni za lami nzuri, litakufurahisha kuliko chochote cha bei hiyo. Ukiwa wewe ndiye unayetegemewa kubeba jamaa mashambani, usijidanganye, kuna mtu atakubebea hao jamaa.

Nimenunua jeki, spana, na rimu ya pili yenye tairi. Buti ni lita 130, kwa hiyo rimu ikiingia hakuna kingine kinachoingia. Nikiwa peke yangu safari ndefu, naiweka kwenye kiti cha abiria na kuifunga mkanda, la sivyo gari linapiga kengele njia nzima. Shida ni kwamba Mama amesikia habari za Magadi na anasema zamu yake ni Jumamosi. Anakuja na kikapu, na kikapu hakiachwi. Nimempigia yule kijana wa Probox kumuuliza kama siku hiyo atakuwa njiani.