Straika anasifiwa, fundi waya anasahaulika hadi taa zizimike

Aprili 30, 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Yanga wanakipiga na Rivers United ya Nigeria, marudiano ya robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ghafla taa zinazimika. Mchezo unasimama.

Mayele alikuwepo na miguu yake. Nabi alikuwepo na mbinu zake. Mashabiki walikuwepo na ngoma zao. Lakini vyote hivyo vilibaki kusubiri umeme.

Baadaye taa ziliwaka, mechi ikaisha 0-0 na Yanga wakasonga mbele kwa ushindi wa 2-0 walioupata ugenini. Vijiweni ukabaki utani tu. Watani wa Simba walicheka, wale wa Jangwani wakajibu kwamba hata gizani wanafuzu. Swali la maana likapita hivihivi: nani huwa anakagua nyaya kabla ya mechi, na nani anamheshimu?

Kuna mchezo ambao swali hilo halipiti hivihivi. Ni mbio za boti za tanga.

Kila baada ya miaka minne, mabaharia huondoka Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, kwenye mashindano ya Vendée Globe. Kila mmoja yuko peke yake kwenye boti, anaizunguka dunia bila kutia nanga bandarini na bila kusaidiwa na mtu. Hakuna sabu, hakuna daktari wa timu, hakuna mapumziko ya dakika 15.

Sasa mtu wa namna hiyo analala vipi? Analala vipande vipande, dakika 20, dakika 40, basi. Wakati huo usukani unashikwa na mashine. Na mashine hiyo inahitaji jicho la kuuona upepo.

Jicho lenyewe ni kifaa kidogo kilichofungwa kileleni mwa mlingoti, zaidi ya mita 25 juu ya maji. Mara nyingi kina vikombe vitatu vinavyozunguka kupima kasi ya upepo, na kishale kinachogeuka kuonyesha unatoka wapi. Taarifa zinashuka kwa waya ndani ya mlingoti hadi kwenye kompyuta.

Hesabu yake si rahisi. Upepo anaousikia abiria wa bodaboda inayokimbia si ule unaopeperusha bendera pale barabarani. Boti nayo ni hivyohivyo. Kompyuta inachukua upepo wa mlingotini, inaondoa ule unaotokana na mwendo wa boti yenyewe, kisha inaiambia mashine ishike pembe gani.

Kifaa kikidanganya, mashine inadanganyika. Tanga kuu linaweza kuvuka upande wa pili kwa kishindo usiku wa manane huku baharia amelala. Hapo kuna mlingoti kuvunjika, kuna mtu kuumia, na nchi kavu iko mbali kabisa.

Muulize Alex Thomson, Mwingereza wa boti ya Hugo Boss. Katika mbio zilizoanza Novemba 6, 2016, alikuwa akimfukuzia Mfaransa Armel Le Cléac'h mpaka mwisho. Januari 2017 alikimbia zaidi ya maili 536 za baharini ndani ya saa 24, mwendo ambao hakuna baharia wa peke yake aliyekuwa ameufikia kwa boti ya aina hiyo. Lakini siku za mwisho vifaa vyake vya upepo vikaleta matatizo, mashine ya usukani ikawa haiaminiki, na usingizi ukawa anasa.

Le Cléac'h alishinda kwa siku 74 na saa 3. Thomson akafika wa pili, nyuma kwa takribani saa 16. Haitakuwa haki kusema waya ndio uliomnyima ubingwa, maana bawa la chini la boti yake lilivunjika mapema, mwezi Novemba. Lakini bingwa wa mwendo kasi aliingia dakika za lala salama akiwa hana jicho la kuaminika. Hilo halibishaniwi.

Ndiyo maana kwenye mchezo ule kazi ya kufunga kipima upepo haipewi kijana wa chapchap. Kifaa husogezwa mbele na juu ya kilele kwa mkono mrefu, kikae kwenye upepo usiovurugwa na tanga. Waya hufungwa vizuri pale juu ili usibebe uzito wake wenyewe, kisha hupitishwa kwenye bomba lake ndani ya mlingoti, kamba zisiusugue. Hutenganishwa na nyaya za umeme mkubwa na za redio. Chini huachiwa mkunjo ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo. Fyuzi hukaa karibu na betri.

Bado hajamaliza. Kishale kikifungwa kikiwa kimepinda nyuzi 3 tu, upepo ukitoka kulia kitazidisha 3, ukitoka kushoto kitapunguza 3. Pande mbili zinapishana kwa nyuzi 6, kama refa anayeiona ofsaidi ya timu moja tu! Kwa hiyo boti hutolewa baharini, ikabishwa kulia na kushoto, namba zikalinganishwa na kusahihishwa. Makini zaidi huweka vifaa viwili, kila kimoja na waya wake.

Wazee wa ngalawa wa Zanzibar na wa majahazi kule Lamu watacheka. Nahodha wao anausoma upepo kwa shavu lake na kwa ncha ya tanga, hana waya wala betri, na bado anashinda. Ni kweli, na heshima yao iko palepale. Lakini yeye yuko macho, ana wenzake chomboni, na jioni analala kwake. Halafu hata yeye hatoki bila kushika kamba moja moja na kuijaribu. Ukaguzi ni uleule, ni kifaa tu kilichobadilika.

Soka la huku bado halijafika hapo. Dirisha la usajili likifunguliwa, straika anapokelewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta. Fundi wa taa, mtu wa jenereta na mtunza nyasi hawajulikani hata kwa sura, mpaka siku mambo yaharibike. Hapo ndipo wanatafutwa ili wafukuzwe.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa AFCON 2027. Viti vitang'aa na picha zitapigwa. Mashabiki wasiishie kuuliza uwanja unachukua watu wangapi. Waulize pia umeme ukikatika njia ya pili ni ipi, mara ya mwisho ilijaribiwa lini, na ilijaribiwa taa zote zikiwa zimewashwa au kwa maneno tu ofisini.

Baharia huuliza hayo kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu akishafika katikati ya bahari hana wa kumpigia simu. Refa akishapuliza filimbi ya kuanza, viongozi wa viwanja nao hawana.