Kuasiliwa Ng'ambo Kuwe Mlango wa Mwisho

Mtoto anapozaliwa na mgongo wazi, au anapofikia umri wa kutembea asitembee kwa sababu ya mtindio wa ubongo, maswali mawili huzuka upesi kuliko mengine. La kwanza ni nani aliyemfanyia hivi. La pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni nani atakayemchukua. Wilaya ya Rungwe, pamoja na migomba yake, chai yake na mvua zake, haimo nje ya hesabu hiyo. Na anapotokea mgeni kutoka ng'ambo, mwenye uwezo na huruma, akasema yu tayari kumfanya mtoto huyo kuwa wake, swali la pili huonekana limekwisha kujibiwa.

Si haki kumbeza mgeni wa namna hiyo. Wako watoto duniani walioponea kwa watu wa mbali baada ya watu wa karibu kuwakimbia. Nchini China, katika miaka ya mwisho kabla ya Serikali kuufunga mlango huo mwaka 2024, wengi wa watoto waliochukuliwa na wageni walikuwa wenye ulemavu au maradhi. Lakini wema wa mtu mmoja haufuti wajibu wa watu wengi, na wajibu huo ndio unaowahusu watumishi wa umma na walimu wa Tukuyu.

Mfano wa kujifunzia hauko mbali. Barabara ipitayo Tukuyu huteremka hadi Kyela na Mto Songwe, na ng'ambo ya mto huo ni Malawi. Huko, mwaka 2006, mwanamuziki wa Marekani, Madonna, alimchukua mtoto wa kiume kutoka kituo cha kulelea watoto. Mtoto huyo hakuwa mlemavu, lakini baba yake mzazi alikuwa hai. Vyombo vya habari vilimnukuu baba huyo akieleza kwamba alivyoelewa yeye, mwanawe angetunzwa na kusomeshwa tu, ingawa baadaye alisema hapingi kuchukuliwa kwake. Mwezi Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Malawi ilikataa ombi la mwanamuziki huyo la kuasili mtoto wa pili kwa kuwa hakuwa mkazi wa nchi ile. Mwezi Juni mahakama ya juu zaidi ikaukubali.

Maneno ya baba yule yastahili kuzingatiwa. Katika ukoo wa Kiafrika mtoto huweza kulelewa na shangazi au mjomba kwa miaka mingi, naye akabaki mtoto wa baba yake na mama yake. Kuasili kwa sheria ni jambo jingine kabisa: haki ya mzazi wa kwanza hukatika, nayo hukatika daima. Mzazi atiaye dole gumba akidhani mwanawe aenda kutibiwa mguu na kurudi, hakukubali kitu, amepotezwa.

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, imeliona jambo hili. Mgeni atakaye kuasili mtoto wa Tanzania sharti awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya usimamizi wa Afisa Ustawi wa Jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, na aihakikishie Mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, waiita hatua hiyo njia ya mwisho.

Lakini sharti lililo zito kuliko yote ni lile litakalo ithibitike kwamba mtoto hawezi kupata familia wala matunzo yafaayo hapa nchini. Sharti hilo lasomeka kana kwamba lamzungumzia mtoto. Kwa hakika lazungumzia jamii. Kila linapoandikwa jina la mtoto mwenye ulemavu chini ya maneno hayo, linaandikwa pia jina la kijiji chake, shule yake na ofisi zilizompasa kumhudumia. Yafaa basi kuuliza: milango mingine ilibishwa hodi?

Taasisi ya Mifupa ya MOI, Muhimbili, huwafanyia upasuaji watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. CCBRT, Dar es Salaam, hunyoosha nyayo zilizopinda na kushona midomo iliyopasuka. Chuo cha Patandi, Arusha, hufunza walimu wa elimu maalum. Mama wa kijijini hawezi kuyajua hayo kwa kuota. Ni lazima mganga wa zahanati amwambie, mtendaji wa kata amwandikie, na mwalimu mkuu amwandikishe mtoto shuleni badala ya kumshauri mama akae naye nyumbani mpaka apate nafuu.

Wako watakaosema kwamba woga wa wananchi juu ya watoto hawa ni wa mila na hauondoki. Historia ya Rungwe yenyewe yawakanusha. Zamani Wanyakyusa walikuhesabu kuzaliwa kwa mapacha kuwa jambo la hatari. Wazazi wao walitengwa mpaka matambiko yamalizike. Leo mama wa mapacha huenda navyo kliniki vichanga vyake viwili, na watu humpongeza. Woga uliokwisha kwa mapacha waweza kwisha kwa mtoto mwenye usonji.

Hata hivyo, mahubiri matupu hayambebi mtoto. Mama peke yake, mwenye mtoto wa miaka minane asiyeweza kusimama, amechoka kwa haki. Ndugu wa ukoo wapokezane zamu. Serikali ya kijiji imhesabu katika mipango yake. Familia za Kitanzania zenye uwezo, wakiwamo watumishi wenyewe, zijitokeze kwa malezi ya kambo na hata kuasili, na zisichague watoto wazima tu.

Na ikiwa milango yote imebishwa kweli na haikufunguka, mtoto asizuiwe kwa fahari ya bure. Aende kwa amri ya Mahakama, na karatasi zake ziseme kweli. Mwezi Machi 2025 tume ya ukweli ya Korea Kusini ilithibitisha kwamba watoto waliokuwa na wazazi wanaojulikana waliandikwa kuwa yatima ili wapelekwe ng'ambo. Baadhi ya watu hao, sasa watu wazima, bado wanawatafuta mama zao.

Mtoto wa Rungwe asije akafanya safari hiyo ya kurudi nyuma. Afisa anayekalia faili lake leo, na mwalimu anayepita mbele ya nyumba alimofichwa, ndio wenye ufunguo wa mlango wa kwanza. Wakiufungua huo kwa wakati, ule wa mwisho hautahitajika ila kwa nadra.