Istilahi Zisizotumiwa

Mjadala juu ya istilahi za teknolojia umekuwa wimbo usiokwisha katika idara za Kiswahili. Wapo wanaoshikilia tarakilishi, wapo wanaong'ang'ania ngamizi, nao Watanzania wengi wameridhika na kompyuta yao. Makongamano hufunguliwa na kufungwa, kisha wajumbe hurejea ofisini kuandika makala zao kwa programu inayowasalimu kwa Kiingereza na kupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Tasnifu nzima ya uzamili huonekana kama daftari la mtoto aliyefeli imla. Linalostaajabisha zaidi ni kwamba wenyewe wamekwisha kuizoea fedheha hiyo.

Si kwamba njia haipo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Leo LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ina kifurushi cha Kiswahili na kamusi ya kukagua tahajia, tena bila malipo.

Kukisakinisha katika tarakilishi ya Linux si uganga. Mtumiaji wa Ubuntu hupakua faili mbili za toleo moja katika tovuti ya LibreOffice: programu yenyewe, na kifurushi cha lugha chenye alama ya sw-TZ katika jina lake. (Mkenya asihangaike kutafuta KE.) Huzifumbua, hufungua kidirisha cha amri, huandika amri ya dpkg na kutia nywila. Aghalabu wanaokwama hukwama mahali pamoja: LibreOffice iliyokuja na Ubuntu haikioni kifurushi kilichopakuliwa kwingine, kwa kuwa kila kimoja huhifadhiwa mahali pake. Ndiyo maana vyote viwili sharti vitoke chanzo kimoja. Linalobaki ni kuchagua Kiswahili katika mipangilio ya lugha, kwa menyu na kwa maandishi pia.

Yamkini watatokea wa kulalamika kwamba tafsiri zilizomo hazijakamilika, na kwamba baadhi ya istilahi zinakwaruza masikio. Ni kweli. Lakini nani mwenye haki ya kulihukumu neno kuliko anayelibofya kila siku? "Sakinisha" lenyewe, lililonyambuliwa kutoka sakini, yaani kukaa mahali, lilionekana geni lilipoanza kusikika. Anayelitumia sasa halimshtui. Fauka ya hayo, programu hii ni huria. Anayechukizwa na istilahi anaweza kujisajili katika mfumo wa tafsiri uitwao Weblate na kupendekeza nyingine. Fursa hiyo haipatikani kwa urahisi katika programu za kununuliwa, wala katika kamusi inayosubiri miaka kumi kabla ya toleo jipya.

Idara inayomtaka mwanafunzi aandike tasnifu kwa Kiswahili ingeanzia katika maabara yake, hata kwa tarakilishi tano tu. Na lile zoezi la tafsiri la kila muhula, ambalo husahihishwa kwa kalamu nyekundu kisha likatupwa, lifanyiwe katika Weblate, mahali ambapo menyu zisizo na Kiswahili bado zinasubiri.