Bolti za Kichwa cha Injini ya Kinu



Injini kuukuu ya kinu cha mahindi, ikitunzwa vema, huweza kuishi kuliko yule aliyeinunua. Wewe uliyeirithi, na sasa waifungua ili uifanye upya, yafaa tuseme juu ya bolti zinazoshika kichwa cha silinda. Mtu hutoa fedha nyingi kwa pistoni na ringi, kisha huenda kuokota bolti katika mkebe wa fundi.

Mimi mwenyewe nimekosa katika jambo hili, wala sioni haya kulisema. Kijiji kimoja kilichotaka shauri langu kilikuwa na injini ya kale ya Kiingereza. Dukani tuliuziwa bolti za nusu inchi zenye kung'aa, nami nikasema, “Hizi zafaa.” Ziliingia mizunguko mitatu minne, zikakataa. Fundi akavika bomba juu ya mkono wa spana ili apate nguvu, nami nikanyamaza. Meno yaliyomo ndani ya bloki yakang'oka, na kinu kikasimama wakati wa mavuno. Akina mama wakawa wakibeba madebe vichwani hata kinu cha ng'ambo ya mto.

Sababu yake ni hii. Meno ya Whitworth, yaliyotungwa Uingereza mwaka 1841, katika bolti ya nusu inchi ni 12 kwa kila inchi, na pembe ya jino ni digrii 55. Meno mapana ya Unified, waliyopatana Uingereza, Marekani na Kanada mwaka 1948, katika unene ule ule ni 13, na pembe yake 60. Kwa macho huyatofautishi. Basi chukua bolti ya zamani uende nayo dukani, tena uwe na kipimo cha meno. Bolti mpya na iingie kwa vidole mpaka mwisho, ikikataa, irudishe.

Wengi hudhani bolti iliyo ngumu kupita zote ndiyo bora. Sikubali. Bolti ya kichwa hushika kwa kunyumbuka kidogo, kama kamba iliyovutwa, na bloki ni chuma cha kusubu ambacho meno yake huweza kukatika kabla ya bolti. Fuata kitabu cha injini. Kama hakipo, alama ya 8.8 kwa bolti za milimita, au mistari mitatu kichwani kwa zile za inchi, kwa kawaida yatosha injini ya mwendo wa polepole. Isiyo na alama yo yote iache. Zile zisizoshika kutu ziache pia: nyingi ni dhaifu kuliko hizo, na meno yake hung'ang'aniana.

Pima na urefu. Bolti ndefu mno hugota chini ya tundu, ukadhani imekaza, kumbe kichwa kimelegea. Tena kausha tundu kabisa, kwa kuwa mafuta au maji yaliyobaki chini hayana pa kwenda, na bloki hupasuka.

Zinunue zote pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Kaza kwa zamu tatu, ukianzia katikati kwenda nje, na utazame kama kitabu chataka meno yapakwe mafuta au yawe makavu.

Bloki ya kile kijiji ilitobolewa upya, ikatiwa vikombe vyenye meno. Gharama yake ilipita mbali bei ya bolti, nami nililipa fungu langu.