Muuguzi mkuu: Cheo kikubwa, mamlaka haba

KATIKA hospitali nyingi za umma nchini, wagonjwa wangali wanamwita matroni. Kwenye barua za serikali yeye ni muuguzi mkuu, na katika ngazi ya juu zaidi ni mkurugenzi wa huduma za uuguzi. Jina lolote atakalopewa, kazi ni ile ile: ahakikishe kuwa saa nane za usiku kuna muuguzi katika wodi ya kina mama kujifungua, na kwamba muuguzi huyo ana glavu.

Safari ya kufikia wadhifa huo ni ndefu. Wengi huanza na stashahada katika chuo cha KMTC, wakasajiliwa na Baraza la Wauguzi, wakahudumu katika zahanati za mashambani, kisha wakasomea digrii huku wakiendelea na zamu. Anayefika kileleni huwa anaijua hospitali kuliko yeyote. Hata hivyo, hukabidhiwa majukumu bila funguo.

Hawezi kuajiri. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka wa 2013, wauguzi wa hospitali za kaunti huajiriwa na kaunti 47 kupitia bodi zake za utumishi wa umma. Mkurugenzi aliye Nairobi hutunga sera kuhusu wauguzi ambao mishahara yao hailipwi na wizara yake, naye mwenzake wa hospitalini hupanga ratiba ya zamu kwa idadi iliyoamuliwa na wengine. Fedha nazo husimamiwa na daktari msimamizi. Lakini mama akipoteza maisha wodini, muuguzi mkuu huwa miongoni mwa wa kwanza kutakiwa kuandika maelezo.

Utata huo ulijitokeza wazi katika mgomo wa wauguzi ulioanza Juni 2017 na kudumu takriban miezi mitano. Mvutano ulikuwa kati ya chama cha wauguzi, magavana na Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) kuhusu mkataba wa malipo. Machoni pa mwajiri, muuguzi mkuu ni msimamizi. Machoni pa wagomaji, ni mwenzao. Uwezo wa kuumaliza mgomo hakuwa nao.

Mwezi huo huo wa Juni 2017, Sheria ya Afya ilitiwa saini. Iliitambua idara ya uuguzi katika wizara, hatua iliyostahili pongezi. Lakini sheria hiyo hiyo inataka Mkurugenzi Mkuu wa Afya awe daktari aliyesajiliwa. Muuguzi mwenye shahada ya uzamili katika afya ya umma na tajriba ya miongo miwili haruhusiwi hata kutuma ombi.

Madaktari hujitetea kuwa uamuzi wa tiba ni wao. Hoja hiyo ina uzito kando ya kitanda cha mgonjwa. Katika ofisi inayoshughulikia bajeti, dawa na watumishi, uzito wake hupungua sana.

Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kufanya kazi huko. Muuguzi anayepima kama aende au abaki hatazami mshahara pekee. Hutazama pia ngazi iliyo mbele yake inaishia wapi. Bunge lina uwezo wa kukirekebisha kifungu hicho. Kaunti nazo hazihitaji Bunge kumpa muuguzi mkuu sauti wakati idadi ya watakaoajiriwa inapoamuliwa, na fungu lake la fedha za kununulia glavu.