BWANA SHAMBA ANASEMA: Tumbawe Linatunza Habari



Nani anajua bahari ilikuwa na joto gani miaka 200 iliyopita? Hakuna mzee anayekumbuka. Lakini tumbawe linaonyesha.

Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana wa baharini. Wanyama hao hutengeneza mifupa ya chokaa. Kila mwaka chokaa mpya huongezeka juu ya ile ya zamani. Ndani yake mna mistari ya miaka, kama katika gogo la mti.

Chokaa hiyo ina oksijeni nzito na oksijeni nyepesi. Maji yakipata joto, ile nzito hupungua. Wataalamu huipima, mstari kwa mstari.

Walitoboa tumbawe moja huko Malindi, Kenya. Lilionyesha habari za tangu mwaka 1801 hadi 1994. Bahari ilikuwa imezidi kupata joto.

Mwaka 1998 joto lilikuwa kali mno. Matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka, yakafa. Tumbawe likifa, samaki hukosa maficho. Mvuvi hurudi na dema tupu.

Kijiji kimoja hakiwezi kupoza bahari. Lakini kinaweza kuacha kuchimba matumbawe hai ya kuchomea chokaa.

Zungumzeni darasani: kwenu chokaa inatoka wapi?