Ua kwa Ua

Na Mzee wa Kibanja

Shemeji alimwita Mzee wa Kibanja kwake Rubafu, Bukoba, Jumapili iliyopita aje ashangae. Mzee akashangaa kweli. Mibuni saba ya mbele ya nyumba imeng'olewa, visiki vimerundikwa kwenye migomba, na mahali pake imesimama miche ya bogenvilia, imepanga foleni kama watoto wa shule.

"Waitu, mulamu, sasa nyumba ina sura."

"Mibuni ilikukosea nini?"

"Kahawa ni shamba. Haya ni maua."

Chai ikamshinda Mzee. Kwani mbuni hautoi maua? Mvua ikirudi baada ya kiangazi, hazipiti siku nyingi matawi yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga, na harufu inayokaribia asumini inamlaki mgeni kabla hajabisha hodi. Siku mbili tatu, yamenyauka. Bogenvilia nayo, ule wekundu unaopigiwa picha ni majani yaliyojitia rangi. Ua lenyewe ni kijidude cheupe katikati. Asili yake Amerika Kusini, na jina lake la baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville, ambaye hakuwahi kukaribishwa akamwani, kahawa ya kutafuna, Buhaya.

Robusta ilikuwa vibanjani humu kabla Mzungu hajafika. Matunda yalichemshwa na majani ya kunukia, yakakaushwa, mgeni akapewa atafune. Na waliochanjana udugu walipeana punje mbili za tunda moja, zimepakwa damu. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walimgomea mkoloni aliyewaletea kanuni za kutunza kahawa. Shemeji hakuamriwa na mtu, hakutumiwa hata barua. Kang'oa mwenyewe.

Sababu ni simu. Kila nyumba inataka kufanana na nyumba ya Dar es Salaam iliyoonekana jana usiku.

Alijitetea kwamba mibuni ilitia giza dirishani. Hilo ni kweli, robusta isipopogolewa hupita paa. Lakini ukikatwa hadi gotini, mbuni huchipua upya. Panga lilitosha, jembe halikuwa na kazi. Alipoambiwa hivyo alikohoa, akaanza habari za bei ya saruji.

Ameacha mbuni mmoja getini, "wa ukumbusho", na anatarajia kuuchuma. Mzee hakuwa na moyo wa kumwambia pale pale, kwa hiyo anamwambia hapa: robusta haijichavushi. Mbuni ulio peke yake hutoa maua bila kuzaa, mpaka upepo na nyuki walete chavua ya mibuni mingine. Iliyo karibu ni ya jirani ambaye Shemeji ana kesi naye ya mpaka, na ndiye hasa aliyepandiwa ua wa bogenvilia asichungulie.